Nimeongeza dola 100 saa ipige simu yenyewe, naambiwa nitembee na simu

Wakuu, naandika vidole havijapata damu vizuri, msinisahihishe herufi.

Ule mtandao wetu wa simu wa dola 15 kwa mwezi, mnaujua, ule ambao kila Mbongo akishuka Minneapolis, huku Marekani, shemeji yake anamuunganisha nao kabla hajafungua begi. Leo umenivua nguo.

Asubuhi nimetoka kutupa takataka. Kaptula, yeboyebo, na saa mkononi. Mlango wa chini ukajifunga nyuma yangu. Baridi nyuzi 15 chini ya sifuri, kengele ya mlangoni imekufa tangu Novemba, mke katoka shifti ya usiku, kalala kama gogo ghorofa ya tatu. Nikasema hamna shida, nina saa. Ni ile yenye duara jekundu kwenye kitufe cha pembeni, niliyoongezea dola 100 nzima ili ipige yenyewe bila simu. Nikabonyeza. Ikaniletea kialama chekundu cha simu kilichopigwa mstari. Nikabonyeza tena kwa hasira. Kialama kilekile.

Ningeweza kupiga 911, maana dharura inapita hata bila kifurushi. Sasa nimwambie polisi nini, kwamba mke wangu anakoroma?

Dakika 20. Kakatokea katoto ka jengo la pili kanaenda kusubiri basi la shule, kana kasaa ka plastiki ka pinki, kanaongea nako! Kanamwambia mama yake kuna baba nje kavaa kaptula analia. Silii mimi, macho yalikuwa yanaganda. Kaniokoa bibi wa chini aliyetoka na mbwa wake.

Nimeingia ndani, hata soksi sijavaa, nikawafuata kwenye chati. Kwa nini saa yangu haitumii namba yangu? Mhudumu kanijibu: "Huduma hiyo hatuna. Tunakushauri utembee na simu yako." Halafu kaweka katabasamu. Katabasamu!

Nitembee na simu yangu. Unanunua punda, unaambiwa mzigo ubebe mwenyewe, na anayekuambia anacheka.

Saa hizi kutumia namba ya simu yako kupo tangu 2017, mitandao mikubwa yote mitatu ya Marekani wanacho, kama dola 10 kwa mwezi. Nyie mnashindwa nini? Lakini basi, wangesema hatuna wakanyamaza. Kale katabasamu ka nini?

Pweza Mkavu: Saa ya milioni na ushee, laini ya dola 15, kaptula kwenye theluji. Mkuu, unawaonea bure watu wa mtandao.

Fundi Nyaya: Tuache utani kidogo. Hao wa dola 15 hawana mnara hata mmoja, wamepanga kwa wakubwa. Saa ina laini yake ya eSIM, yaani laini iliyojengewa ndani bila kadi, na nyuma yake kuna namba nyingine usiyoiona. Mtambo wa mwenye mnara ndio unaofanya ukipigiwa ziite zote mbili, na ukipiga ionekane namba moja. Mpangaji hagusi mtambo huo mpaka mwenye nyumba amfungulie, na mwenye nyumba hizo dola 10 anazipenda mwenyewe. Visible, mtandao mwingine, nao ni wa bei rahisi na wanayo huduma hiyo, ila Visible ni ya Verizon, mmoja wa wale wakubwa watatu. Huyo ni mtoto wa mwenye nyumba.

Mtoa mada: Sijauliza mitambo. Nimeuliza katabasamu.

Chuma cha Pua: Shemeji aliamka saa ngapi?

Mtoa mada: Saa nane mchana. Swali la kwanza: "Takataka umetupa?"

Mama Tausi: Fundi, umetaja mpangaji na mwenye nyumba umenitonesha. Sisi hapa Tabata wapangaji sita, mita moja ya umeme. Dada wa chumba cha pili ana friji anauzia barafu, tukichanga anatoa elfu mbili sawa na mimi mwenye taa moja!

Chuma cha Pua: Wa kwetu anapiga pasi usiku wa manane akidhani tumelala. Na mita iko kichwani kwangu, nasikia inalia pii pii.

Mama Tausi: Uniti zikiisha sasa! Yeye ndiye wa kwanza kugonga milango.

Pweza Mkavu: Wa pasi heri. Sisi kuna mmoja anachemsha maharage kwa jiko la umeme.

Chuma cha Pua: Maharage?! Huyo si wa kuchangishwa, huyo ni wa kuhamishwa.

Mtoa mada: Wakuu, uzi huu ni wa saa.

Dokta Ugali: Mama Tausi, hizo barafu za jirani ni za ubuyu au za maji?