Moyo kwenda mbio na kusahau baada ya korona: apimwe nini kabla ya kuambiwa "ni mawazo"?

Mdau_Majengo (Moshi)
Wakuu, habari. Mwalimu, mwanamke wa miaka 38, aliugua korona miezi 5 iliyopita, hakulazwa. Sasa anasahau majina ya wanafunzi, akisimama ubaoni moyo unaenda mbio na kichwa kinazunguka, usingizi wa mang'amung'amu, na kahawa inamnukia kama mpira ulioungua. Kaambiwa ni mawazo, kapewa amitriptilini (dawa ya sonona inayoleta usingizi) za usiku. Apimwe nini kwanza?

Tabibu_Kiborloni
Kabla ya maabara, mpimeni mapigo amelala na amesimama. Mashine ya presha na saa vinatosha. Asinywe chai wala kahawa asubuhi hiyo. Alale chali dakika 10 bila maongezi, andika presha na mapigo. Kisha asimame akiegemea ukuta, visigino sentimita 15 hivi kutoka ukutani, andika kila dakika hadi ya 10. Mtu akae karibu wa kumdaka. Mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi na kubaki juu, huku presha ya juu haijashuka kwa 20, basi huenda mishipa ya fahamu inayoongoza moyo imeyumba, na hilo halitokani na mawazo. Wengi hulikosa kwa sababu wanampima ameketi, au wanakatisha dakika ya 3.

Tatizo ni hiyo amitriptilini: yenyewe hupandisha mapigo na kuzidisha kusahau, kwa hiyo majibu yatachanganya. Asiiache ghafla, arudi kwa aliyemwandikia, ipunguzwe taratibu.

Maabara: wingi wa damu, sukari, tezi ya shingo, VVU. Vitamini B12 pia, hasa kama anatumia metformini, dawa ya kisukari.

Nesi_Njiro (Arusha)
Sawa Dokta, ila sonona tusiitupe. Utafiti wa 2021 katika jarida la Lancet Psychiatry uliwafuatilia wagonjwa wa korona 236,379: ndani ya miezi 6, takriban 34 kwa kila 100 waliandikiwa ugonjwa wa neva au wa akili, ingawa kwa 13 tu ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Mkitumia PHQ-9, dodoso la maswali 9 la kupima sonona, msisome jumla peke yake. Usingizi, uchovu, hamu ya kula na umakini vinaweza kumpa alama 12 bila huzuni yoyote, wakati 10 tayari inahesabika kuwa sonona. Angalieni swali la 1 (kukosa hamu ya mambo) na la 2 (huzuni). La 9, la kutaka kujidhuru, likipata hata alama 1, mtu azungumze naye siku hiyo hiyo.

Mdau_Majengo
Asanteni. Na pua? Pia anataka kuanza mazoezi ya kukimbia "arudishe nguvu".

Tabibu_Kiborloni
Asikimbie kwanza. Kama akijituma leo anaanguka kesho au keshokutwa, kulazimisha kutamrudisha nyuma. Agawe kazi, afundishe ameketi, aache kabla hajachoka.

Pua: karafuu, limau, mkaratusi, waridi, kila kimoja kwenye kichupa chake. Anuse sekunde 20 kila kimoja, asubuhi na jioni, angalau wiki 12. Wengi huacha wiki ya pili. Asijifukize kwa mvuke wa moto, ataungua bure. Kahawa aiweke kando kwa sasa (najua, kumwambia hivyo mtu wa Moshi ni kazi). Na kama anapikia gesi, mwingine ndani ya nyumba awe anakagua mpira na koki, maana yeye hawezi kuitegemea pua yake.