Tupeane uzoefu: usukani unaopiga kushoto na kulia katika magari ya zamani ya barabara mbaya

Mwanzilishi wa mada, Njoro

Wenzangu, ninaomba sisi tulio na magari ya zamani yenye ekseli nzima mbele (chuma kimoja kinachoyaunganisha magurudumu mawili), yaani Land Rover, Land Cruiser za miaka ya 80 na 90, Suzuki ndogo na mengine ya aina hiyo, tuelezane jinsi kila mmoja alivyogundua kilichokuwa kikiutikisa usukani wake. Sizungumzii mtetemo mdogo wa kuhisiwa vidoleni. Ninazungumzia ule unaoanza gurudumu la mbele linapogonga shimo au kiungo cha daraja ukiwa kwenye kilomita 70 au 80 kwa saa, usukani ukaanza kupiga kushoto na kulia kwa nguvu ambazo mikono haiwezi kuzizuia, na usitulie mpaka gari likaribie kusimama.

Ninaanza na langu. Gari ni Defender 110 ya mwaka 1996. Mara ya kwanza lilinifanyia hivyo nikiteremka kutoka Mau Summit kuelekea Salgaa, lori likiwa nyuma yangu na watoto wawili wakiwa kiti cha nyuma. Niliondoa mguu kwenye mafuta, nikaushika usukani bila kushindana nao, sikukanyaga breki kwa nguvu, nikaliacha gari lipungue mwendo lenyewe hadi kando ya barabara. Mteremko ule wote mnaujua, na mnajua magari yaliyoishia pale.

Gereji ya kwanza niliyoiendea haikuweka hata jeki. Niliambiwa shokabzoba ya usukani imekufa, ikafungwa mpya, na gari likatulia kwa muda wa wiki sita. Tatizo liliporudi, nikafungiwa nyingine. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo, kwa sababu kazi ya shokabzoba ile ni kupunguza makali ya mishtuko inayopanda kutoka barabarani, wala haikuwekwa ishikilie vyuma vilivyolegea. Ikiwa mpya huuficha ulegevu, dereva akapata imani, na huku chuma kinaendelea kulika pasipoonekana.

Aliyeupata ugonjwa wenyewe ni mzee mmoja fundi wa jua kali. Hakulinyanyua gari. Aliliacha limesimama kwa magurudumu yake yote manne, akaniambia niwashe injini na niuzungushe usukani kidogo tu, kushoto na kulia, bila kuacha, naye akaingia chini akiwa na tochi. Kwenye kila kiungo aliweka kidole gumba, nusu ya kidole ikiwa juu ya chuma kimoja na nusu juu ya chuma cha pili, maana ngozi husikia mwachano ambao jicho haliuoni. Baada ya muda akaniita, "Mwachie kijana usukani, wewe njoo uguse." Nililala kando yake. Kwenye ncha ya fimbo ya Panhard, ile inayoizuia ekseli isiende pembeni, bolti ilikuwa ikitembea ndani ya tundu lake kadiri ya milimita moja, na kila ilipotembea ilitoa mlio mdogo kama wa mtu anayegonga ulimi. Bushi, ile mipira ya kwenye ncha za fimbo, zilikuwa mpya. Kilicholika ni tundu la chuma linaloshika bolti. Lilikuwa limegeuka umbo la yai, ukingo wake unang'aa, na chini yake kuna unga mwekundu wa kutu.

Tundu lilijazwa kwa kuchomelewa, likatobolewa upya kwa kipimo, likapata bolti mpya. Mzee alisisitiza ikazwe gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake, kwa kuwa ukiikaza ekseli ikiwa inaning'inia, mpira wa bushi hubaki umejipinda gari likishushwa, nao huchanika mapema. Huu ni mwaka wa 3 na tatizo halijarudi.

Mchangiaji, Ahero

Langu ni fupi. Suzuki SJ410 yangu ilianza kutetemeka usukani nikiwa kati ya kilomita 65 na 75 kwa saa, na nilikuwa tayari nimeshapewa bei ya tairodi mpya, zile fimbo zinazoyageuza magurudumu, za pande zote mbili. Kijana anayeosha magari ndiye aliyeniuliza kama ninajua nimebeba udongo. Tope jeusi la mashamba ya mpunga lilikuwa limekauka upande wa ndani wa rimu ya mbele ya kushoto, gumu kama tofali. Lilibanduliwa kwa bisibisi, gari likapona.

Mwanzilishi wa mada, Njoro

Ndugu wa Ahero, umetusaidia kutofautisha mambo mawili. Mtetemo unaokuja katika mwendo fulani na kutoweka ukiongeza au ukipunguza, mara nyingi ni wa gurudumu lenyewe: balansi, tope, rimu iliyopinda au tairi lililovimba. Unaokuja ukikanyaga breki tu, tafuta kwenye diski au ngoma za breki. Unaoamshwa na shimo kisha ukajiendesha wenyewe, hapo kuna chuma kilicholegea. Hata hivyo tairi lisilo na balansi linaweza kuuamsha huo wa tatu pale ulegevu unapokuwapo tayari, ndiyo maana wengi hubalansi, wakapata nafuu, wakadhani wamemaliza.

Mchangiaji, Kitale

Mimi nilijiletea mwenyewe. Nilikuwa na Land Cruiser ya 80 ambayo haikuwahi kunisumbua, nikaipandisha kwa springi ndefu zaidi, milimita 50, kwa ajili ya njia za Endebess wakati wa mvua. Siku iliyofuata usukani ulikuwa mwepesi mno, haurudi katikati wenyewe baada ya kona, na kwenye lami gari lilitangatanga. Baada ya mwezi likaanza kupiga. Ukilinyanyua gari la namna hii, mikono inayoishikilia ekseli huizungusha kidogo, na ule mwinamo wa kuelekea nyuma unaoyafanya magurudumu yapende kwenda mbele moja kwa moja hupungua. Nilifungiwa bushi maalumu ambazo tundu lake haliko katikati, ili kuurudisha mwinamo huo, na usukani ukapata uzito wake wa zamani. Nawasihi wanaonyanyua magari wapimiwe kabla na baada.

Mchangiaji, Kakamega

Kaka wa Njoro, asante kwa kuifungua mada hii. Langu ni HZJ75 ya mwaka 1994 yenye springi za mabamba mbele, kwa hiyo fimbo ya Panhard haimo kabisa. Fundi wa kwanza aliikaza skrubu ya sanduku la stiaringi ili kuondoa uchezaji. Uchezaji ulipungua kweli, lakini usukani ukawa mgumu katikati na ukakataa kurudi, na kupiga kukaendelea vilevile. Tafadhali msikubali skrubu ile iguswe kabla ya viungo vingine vyote kukaguliwa.

Kilichonisaidia ni jaribio moja rahisi. Gurudumu likiwa juu ya jeki, lishike kwa juu na kwa chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki, kisha utikise tena. Uchezaji ukitoweka, beringi ya gurudumu ndiyo iliyolegea. Ukibaki, tatizo liko kwenye kingipini, yaani pale gurudumu zima linapogeukia. Wangu ulibaki. Na kwa kweli dalili nilikuwa nayo miezi mingi bila kuisoma: upande wa ndani wa tairi ulikuwa na uji mweusi, oili ya ekseli iliyovuka sili iliyokufa ikachanganyika na grisi. Tulipofungua, beringi ya chini ya kulia ilikuwa na alama za vishimo kama meno ya sega, na uji ule ulikuwa umeiosha grisi yote.

Tuliweka beringi na sili mpya pande zote mbili. Kazi iliyochukua muda ni kuchagua vile vibati vyembamba vinavyoamua beringi zibanwe kiasi gani. Fundi alifunga mizani ya kuning'iniza, kama ile ya wauza samaki, kwenye mkono wa stiaringi, akavuta polepole na kusoma kilo zinazohitajika ili kifundo, yaani kipande kinachogeuka pamoja na gurudumu, kianze kugeuka. Alifungua na kufunga mara 4. Kipimo kisomwe kwenye kitabu cha modeli yako, kwa kuwa cha Toyota si cha Land Rover.

Mchangiaji, Molo

Dada wa Kakamega, uji huo mweusi ninao kwenye tairi la kushoto tangu mwezi wa Aprili, na nilikuwa ninaupangusa kwa kitambaa. Kesho asubuhi ninalipandisha gari juu ya jeki na kuanza na jaribio la breki. Nitaleta majibu hapa jioni.