Mto uliohama mkondo: tupeane uzoefu, wa kwenu umeenda wapi?

Wakuu habari. Naona watu wananunua viwanja na mashamba kando ya mito wakiamini mto ukishakuwa pale basi uko pale miaka yote. Mto haukai. Kwenye kona maji yanakimbia upande wa nje, yanakula ukingo kwa chini mpaka udongo wa juu unaporomoka, upande wa ndani yanapoa yanaacha mchanga, kwa hiyo unasogea kidogo kidogo kila masika bila mtu kushtuka, halafu inakuja mvua moja kubwa unakata kona nzima. Tajeni mto na eneo.

Naanza na Msimbazi, Dar. Mama mdogo alikuwa na nyumba bondeni, kwanza likaondoka banda la kuku, kisha choo, kisha ukuta wa jiko ukaanza kuning'inia. Wakapanga viroba vya mchanga na matairi, ukingo wao ukashika kweli, lakini maji yakapiga pale yakageukia ng'ambo yakaanza kula kwa jirani. Na wachota mchanga nao wanashusha kina, mto ukienda chini kingo zinabaki zimesimama wima, zinadondoka zenyewe hata bila mafuriko. Yale ya Desemba 2011 yalimalizia tu kazi iliyokuwa imeshaanza.

Mnyasa wa Kyela
Mkuu kwetu Songwe ndio mpaka na Malawi, Waingereza na Wajerumani walikubaliana hivyo tangu 1890, sasa huku tambarare karibu na ziwa mto unajipinda hatari. Shamba la mpunga la babu lilikuwa upande huu, mto ukapita nyuma yake, tukaamka shamba liko ng'ambo. Tukawa tunavuka na mtumbwi kwenda kuvuna chakula chetu wenyewe. Bahati nzuri ng'ambo ni ndugu zetu, tunaoana na tunasikilizana lugha, walitulindia ndege. Serikali zote mbili zina mradi wa pamoja wa bonde la Songwe na kuutuliza mto ni sababu mojawapo ya kuanzishwa kwake. Sisi tunausubiri kwa hamu.

Mpokomo halisi
Wadau nasema toka Tana River, Kenya, chini ya Garsen. Wengi huogopa mafuriko, sisi tunaogopa mto kuondoka. Mafuriko yakipungua yanaacha tope zuri, unapanda mpunga na ndizi. Lakini mto ukiwahama mnabaki na nini? Kijiji cha upande wa mama mto ulikata njia ingine, mkondo wa zamani ukabaki ziwa refu lililopinda, mwanzo ilikuwa raha kambare tele, baadaye likaanza kujaa matope na magugu, bomba la pampu likabaki limening'inia hewani. Ukienda leo utaona miembe mikubwa imejipanga mstari katikati ya kichaka, hapo ndipo palikuwa ukingoni, wazee walipanda. Halafu kuna hii mabwawa huko juu, Masinga ilikamilika 1981, mchanga mwingi na tope vinazuiliwa huko, maji yakishuka bila mzigo yanachimba huku chini.

Mtu wa Utete
@Mpokomo halisi umenigusa, Rufiji ni hivyo hivyo. Kilimo cha mlau, yaani kupanda kwenye unyevu mafuriko yakishaondoka, kinategemea maji yapande yashuke. Sasa bwawa la Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022 na sisi tunaangalia mto utajipangaje upya. Kisiwa cha mchanga alichokuwa analima mjomba hakipo tena.

Mgeni Moro
Nataka kununua eneo kando ya Ngerengere, nitajuaje kama mto ulishawahi kupita hapo?

Mleta uzi
Chimba shimo usawa wa kiuno. Chini ya udongo mweusi ukikuta mchanga msafi na kokoto za mviringo, ulipita. Angalia pia kama kuna bonde lililopinda linalotuama maji masika, na uliza wazee waliozaliwa hapo, dalali hatakwambia. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingoni, ila mkuu, kama kiwanja kiko upande wa nje wa kona, ukingo wa leo mwakani unaweza kuwa umeshasogea kwako, kwa hiyo upande huo achana nao hata wakikupunguzia bei.