Kuwinda bata mzinga wa porini na mtoto: tuanzie wapi?

Kutoka: Mama Rehema, Rochester, Minnesota

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Kijana wangu anatimiza miaka 12 Februari. Wenzake darasani huenda na baba zao kuwinda bata mzinga kila Aprili, na sasa haniachi nipumue. Baba yake ni dereva wa malori, nyumbani tunamwona wikendi tu. Mimi nimekulia Nakuru, na Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977. Kwangu mtu mwenye bunduki porini ni jangili au askari wa wanyamapori. Naogopa, ila sitaki kumnyima mtoto. Kuna aliyewahi kwenda na wake?

Kutoka: Baba Imani, Winona, Minnesota

Mama Rehema, pole na majukumu. Mimi na Imani tulianza miaka mitatu iliyopita, yeye ana 11, mimi sijawahi kushika bunduki maishani.

Hofu ya ujangili iondoe. Ndege hawa walikuwa wamekwisha kabisa Minnesota. Mwaka 1973 jimbo lilileta 29 kutoka Missouri na kuwaachia Houston County, huku huku kwetu kusini-mashariki. Wakazaana, na 1978 msimu wa kwanza wa kuwawinda ukafunguliwa. Kazi ya kuwatunza hugharimiwa kwa leseni, pamoja na kodi ya bunduki na risasi iliyotengewa kazi hiyo kwa sheria ya 1937. Ukikata leseni unachangia kuwepo kwao.

Karatasi ndizo za kuangalia mapema. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kumiliki bunduki na kuwinda. Asiye na hati halali ya kukaa hapa, sheria ya nchi inamkataza hata kuishika, na mwenye visa ya masomo au kazi ana masharti yake. Palipo na utata, muone wakili kabla ya kununua risasi hata moja. Kozi ya usalama wa silaha inapokea watoto kuanzia miaka 11, na cheti kinaanza kutumika mtoto akifika 12. Wewe nawe, kama umezaliwa baada ya 1979, utakihitaji. Kaeni darasa moja, ili porini neno lako na lake kuhusu bunduki liwe moja.

Sasa nikwambie ninaloliamini: mwaka wa kwanza mtoto asibebe bunduki. Aende akajifunze kukaa.

Bata mzinga hanusi vizuri, lakini macho yake yanaona kidole kikisogea. Asubuhi yetu ya kwanza tuliamka saa kumi, tukaingia msituni gizani, tukaegemea mwaloni mnene kuliko mabega yangu. Usiku ndege hawa hulala juu ya miti. Kabla hakujapambazuka vizuri, dume mmoja akawika, mwingine akamjibu ng'ambo ya korongo, na Imani akanibana mkono mpaka kucha zikaniingia. Nikakwaruza kibao kwa kijiti, ile sauti ya jike anayeita. Dume akashuka mtini kwa kishindo kama mtu anayekung'uta zulia, akaja mkia ameufungua kama upepeo, kichwa chekundu, cheupe na buluu. Alikuwa hatua hamsini hivi. Imani akainua mkono kujikuna pua. Pale pale ndege hayupo.

Mtoto alilia njia nzima. Sikumkaripia. Aprili iliyofuata alikaa dakika arobaini bila kutikisika, na ndipo nikajua yuko tayari. Kama wako hatulii, tafuta kihema cha kuvizia, humo anaweza hata kula biskuti.

Dume akiwika, msimfuate. Kaeni, mwiteni aje. Sauti unayoinyatia huenda ni ya mwindaji mwingine anayeigiza, na watu wamepigwa risasi kwa namna hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo mtoto asivae chochote chekundu, cheupe wala buluu, hata soksi, hata fulana inayochungulia shingoni. Ukimwona mtu, sema kwa sauti, usipunge mkono. Majira haya ya kuchipua ni ruhusa kumpiga mwenye usinga kifuani tu, yale manyoya marefu yanayoning'inia kama nywele, na karibu wote ni madume. Imani anautaja usinga kwa mnong'ono kabla kidole hakijagusa kifyatulio. Anatumia shotigani ya geji 20, nyepesi kwa bega lake. Huwa nachomeka kijiti hatua 25 kutoka tulipokaa, na ndege asiyevuka kijiti hapigwi.

Na kuna hili la mtu mweusi kuonekana na bunduki vijijini. Sikulipuuza. Nilikwenda kwa mwenye shamba majira ya baridi, pamoja na binti yangu, bila bunduki. Tukanywa kahawa, akatupa ruhusa ya maandishi, na akawaambia majirani zake. Karatasi ile hukaa mfukoni pamoja na leseni.

Kutoka: Bi Zuhura, Columbus, Ohio

Baba Imani, ahsante mwanangu. Je, kuchinja mnafanyaje? Na nyama yake inalika?

Kutoka: Baba Imani

Shikamoo Bi Zuhura. Tunasema Bismillahi wakati wa kufyatua, na tukimkuta hai tunamchinja. Akiwa amekwisha kufa kwa marisaa, masheikh wamehitilafiana. Muulize imamu wako kabla ya msimu. Kifua ni kitamu hata cha kukaanga. Mapaja yana kano ngumu, yachemshe kwa muda wa saa tatu na tangawizi na kitunguu saumu, ndipo tui la nazi liingie. Nyama ya kuzunguka jeraha itupwe, na marisaa yatafutwe kwa vidole, kwani madini ya risasi ni sumu kwa watoto. Mimi nimehamia marisaa ya chuma.

Mama Rehema, nilisahau: ndege aliyepigwa huandikishwa kwa simu au intaneti ndani ya saa 24. Na mkirudi, mkague mtoto kupe nyuma ya magoti, kwapani na nyweleni, ugonjwa wa Lyme uko huku. Imani ana kibao cha pili cha kuitia. Anasema kijana akichukue sasa, aanze kufanya mazoezi kabla ya Aprili.