Nikiwa kwenye daladala picha zinamiminika kichwani, nikishika brashi mwili unazima. Nifanyeje wakuu?

MchoraTwiga
Wakuu habari za jioni, naomba ushauri, utani baadaye.

Mimi nachora picha za Tingatinga, zile za wanyama za kuwauzia watalii, hapa Dar, mwaka wa tisa huu, ndo kazi inayonilisha mimi na mke na mtoto mmoja. Tatizo langu hata kulielezea ni shida ila ngoja nijaribu. Nikiwa kwenye daladala, au naoga, au nimebeba ndoo ya maji, ghafla mwili unabadilika, kifua kinapata joto flani hivi, vinyweleo vinasimama, vidole vinachezacheza vyenyewe na picha naiona nzima nzima. Juzi pale Feri nimeona kunguru kamnyang'anya mchuuzi samaki karuka nae, aisee nikapata picha ya kunguru wakubwa kama ndege za abiria wamebeba samaki juu ya mji, mpaka rangi ya jicho la samaki niliijua.

Sasa nifike nyumbani nikae mbele ya turubai. Kwisha habari. Shingo inakaza, kichwa kinagonga, usingizi kama nimenyweshwa dawa, naishia kuchora twiga wawili na Kilimanjaro kwa nyuma, picha ambayo nimeichora mara nyingi mpaka mkono unaenda wenyewe mimi nikiwaza kodi.

Jamaa angu akanitumia video, eti msikilize mwili wako, fumba macho, vuta pumzi taratibu. Nikafumba. Nikaja kuamka saa kumi na moja.

Naombeni mnijuze, huu ni uvivu, ugonjwa, nimechezewa, au ndo kipaji kinakata? Na nyie wenye kazi za mikono mnajuaje kwamba sahivi mwili umekubali?

Kiazi_Kitamu
Kiganja changu kinawasha toka 2016, nikaambiwa hela inakuja. Mpaka leo. Mwili muongo sana mkuu usiusikilize.

Mama_Ovaloki
Pole mdogo wangu, uyo hapo juu muache. Mimi fundi cherehani na dalili yangu ipo kwenye meno. Nikiinama kukata kitambaa nikajikuta nimeuma meno, mkasi naweka chini. Nimejifunza kwa gharama mana nilishawahi kukata satini ya bibi harusi huku nimetoka kugombana na mtu kwenye simu, shingo ya gauni ikaenda upande, satini nyingine nikanunua kwa hela yangu na harusi ilikuwa keshokutwa. Sahivi siku ya meno napiga pasi, nabadilisha zipu, natia vifungo, kazi ambazo hazitaki nifikiri. Ila siku mabega yameshuka yenyewe na najikuta naimba wimbo ambao hata sijui nimeanza saa ngapi, basi hapo niletee mshono wowote unaoutaka, nakata bila hata kuchora chaki.

Na wewe dalili zako ziko mbili usizichanganye. Ile ya joto kifuani ni moja. Kichwa kugonga ni nyingine kabisa, hiyo mimi ingenitisha.

Sindano_Haiumi
Kabla watu hawajakupeleka kwa mganga nina maswali. Unachorea wapi, rangi gani, na kichwa kinaanza baada ya muda gani?

MchoraTwiga
Sebuleni. Rangi ya mafuta ya kopo hizi za kupaka milango, nazimua na tina (thinner). Dirisha na mlango nafunga mana vumbi likitua kwenye rangi mbichi umepoteza picha. Kichwa kama baada ya nusu saa hivi.

Sindano_Haiumi
Na zamani ulikuwa unachorea wapi?

MchoraTwiga
Barazani na wenzangu, pembeni ya barabara. Nimehamia ndani mwaka jana baada ya kodi ya pale kupanda.

Dah. Ngoja kwanza.

Sindano_Haiumi
Ndo hivyo mkuu, hujachezewa na mtu, unavuta tina. Mvuke wake ukijaa chumba kilichofungwa unauingiza kwa pumzi, dalili zake ndo hizohizo, kichwa kuuma, kizunguzungu, kusinzia, wengine kichefuchefu. Na eti unafumba macho unavuta pumzi ndefu humohumo ndani, lazima ulale. Hamia nje. Kama haiwezekani fungua dirisha na mlango hewa ipite, funika kopo kila ukimaliza kuchovya, matambara ya tina yasilale ndani, mtoto asilale chumba hicho. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke usijidanganye. Ukikaa kwenye hewa safi na kichwa bado kinagonga nenda hospitali wakupime presha na macho, na ukianza kuona ganzi au kupoteza fahamu usisubiri hata siku moja.

Chuma_Mboga
Watu wa siku hizi mnadekeza miili. Mzee Edward Saidi Tingatinga mwenyewe kaanza kuchora 1968, kafariki 1972, miaka minne tu, kwa vipande vya hadibodi na rangi za baiskeli, leo dunia nzima inamjua. Angekuwa anasubiri joto la kifua mngemsikia wapi? Chora twiga mkuu, twiga analipa kodi. Mtalii gani atanunua kunguru wa Feri?

Mama_Ovaloki
Nani kasema asichore twiga? Twiga ndo vifungo vyake, achore siku ya meno.

Babu_wa_Pangani
Wajukuu nawasoma. Hicho unachokieleza sisi huku tunakiita mdadi. Nimepiga ngoma toka kijana, na sijapata kuona mpigaji aliyekaa akausubiri mdadi ndipo aanze. Kwanza ngoma yenyewe inaoteshwa moto ngozi ikaze, usipoiotesha unapiga sauti ya debe. Kisha unaanza polepole, mkono mzito, watu wamekaa wanapiga soga, hakuna anayekutazama. Unapiga, unapiga, mara nyayo zinaanza kuwasha, mgongo unalegea, na mwenzio wa pembeni nae unamwona kabadilika uso. Hapo umepanda. Ukiuliza saa ngapi umeingia hujui.

Wewe mjukuu wangu mdadi unakupanda garini, mikono haina kitu. Tembea na karatasi. Chora hata mistari mitatu mibaya, hiyo ndiyo ngozi kuoteshwa moto. Usiku ukikaa na brashi unaanza na ile mistari, huanzi na turubai tupu.

Nondo_Kavu
Mzee kamaliza ila niongeze nondo. Kwamba mawazo yanakuja ukiwa kwenye mwendo sio ajabu, watafiti wa chuo kikuu cha Stanford Marekani, Marilyn Oppezzo na Daniel Schwartz walichapisha utafiti 2014, watu waliotembea walitoa mawazo mapya mengi kuliko waliokaa, hata wale waliotembezwa kwenye mashine ndani wakiangalia ukuta mtupu. Kwaiyo hata vijia vya uswahilini vinatosha, sio mpaka ufukweni.

Na huku kusikiliza mwili watu wanatofautiana. Mjerumani Rainer Schandry mwaka 1981 aliwapa watu kazi ya kuhesabu mapigo ya moyo bila kushika popote, kisha akalinganisha na kipimo, wengine wanapatia wengine wanapotea kabisa. Jaribu ukiwa umetulia mkeo akushike mkono ahesabu nae. Afu kahawa na hivi vinywaji vya kopo jioni punguza, masaa matano baadae karibu nusu ya kafeini yake bado ipo mwilini, unaweza ukadhani ni mdadi kumbe ni kahawa.

Kiazi_Kitamu
Nimehesabu moyo wangu nimepata 31 kwa dakika, je nimeshakufa?

Nondo_Kavu
Umehesabu vibaya. Mtu mzima akiwa ametulia ni 60 mpaka 100.

MchoraTwiga
Wakuu narudi, siku kumi zimepita, mrejesho.

Nimehamia kibarazani kwa mwenye nyumba, vumbi nimelizuia kwa neti kuukuu ya mbu nimeitundika pande tatu, majirani wananicheka eti nimepata malaria ya picha. Kichwa kimeacha siku ya tatu. Shingo bado, ila nimegundua nachora nimeinama kama nafua, nimeipandisha meza kwa tofali mbili nione.

Babu shikamoo. Karatasi natembea nayo, mistari mingi ni takataka kweli. Juzi joto likanishika kwenye gari nikashuka vituo viwili kabla nikamalizia kwa miguu, vidole vinawasha mfukoni. Nikifika nikiwa mzito namwaga rangi ya nyuma tu, ile haitaki akili na inahitaji kukauka kabla hujapandisha kitu juu yake, asubuhi mkono ukiwa mwepesi ndo natia macho na nukta. Twiga nachora mchana baada ya kula, saa nane mpaka saa kumi, muda ambao hata nifanyeje sina kitu.

Mapigo ya moyo mimi nimesema 52, mke wangu kahesabu 74. Kumbe sijisikii kabisa aisee.

Chuma_Mboga
Na kunguru?

MchoraTwiga
Wapo saba. Jicho la samaki nimelifuta mara nne halijakaa nilivyoliona.

Mama_Ovaloki
Picha tafadhali.

MchoraTwiga
Ikikauka dada, sahivi ukiigusa inakuja na kidole.