Mstari, duara au jedwali la rangi: ipi inaonyesha vizuri msimu wa vyakula?

Mtumba_Data: Habari wakuu. Naandaa bango la Nanenane pale Nzuguni, Dodoma, la kuonyesha vyakula ambavyo watu wanavitafuta Google mwaka mzima: zabibu, embe, tende, mlenda. Data natoa Google Trends, huduma ya Google inayoonyesha neno linatafutwa kiasi gani, Tanzania pekee. Nimebaki na njia tatu: grafu ya mstari, jedwali la rangi (miezi juu, miaka pembeni, rangi inakolea utafutaji ukizidi), na duara kama la Rhythm of Food, ule mradi wa 2016 wa Google News Lab na Moritz Stefaner. Pale miezi inazunguka kama saa, kila mwaka una rangi yake, na utafutaji ukizidi kipande kinasogea mbali na kitovu. Mkulima anayepita tu ataelewa ipi?

Takwimu_Tu: Mstari, mkuu. Kila mtu kashauona kwenye taarifa ya habari. Duara linahadaa jicho, maana kadiri unavyotoka kitovuni eneo linatanuka, kwa hiyo kilele kinaonekana kikubwa kuliko kilivyo.

Hombolo_Zabibu: Mimi nalima, sikubaliani. Miaka yote hiyo kwenye mstari mmoja inakuwa meno ya msumeno, utahesabu mpaka uchoke. Zabibu za Dodoma tunavuna mara mbili, kwenye Februari-Machi na tena Agosti-Septemba. Kama watu wanazitafuta kwa kufuata mavuno, duara litakupa vilele viwili vinavyotazamana. Na embe je? Msimu wake unavuka mwaka mpya. Jedwali linaukata: Desemba mwisho wa mstari huu, Januari mwanzo wa mstari wa chini.

Takwimu_Tu: Hilo dogo, jedwali lianzie Julai kama mwaka wa fedha wa serikali. Hapa makao makuu nani hajauzoea?

Bi_Chamwino: Mnasahau tende, wanangu. Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka: 2016 ilianza Juni, 2026 Februari. Ukichukua wastani wa kila mwezi kwa miaka yote, kilele kinasambaa hadi hakionekani. Kwenye jedwali kitashuka mshazari, mwaka hadi mwaka. Duara nalo litaonyesha, ila rangi zitabanana.

Takwimu_Tu: Kweli kabisa, mama. Mtumba, angalia na namba zenyewe. Ile 0 hadi 100 si idadi ya watu. Ni uwiano wa utafutaji wote wa mahali na wakati ule, na 100 ndiyo kilele. Ukipakua kila chakula peke yake, vyote vitagusa 100 hata kama kimoja hutafutwa mara chache sana. Ukitaka ukubwa halisi, viweke kwenye ulinganisho mmoja. Halafu ukivuta kipindi kirefu kuanzia 2004 unapewa mwezi mwezi, si wiki. Sifuri nayo maana yake data haikutosha, usiandike kwamba hakiliwi.

Hombolo_Zabibu: Mlenda ndio utakuwa sifuri huo 😂 Nani autafute Google? Mtu anamuuliza mama yake.

Mtumba_Data: Basi mlenda natoa. Zabibu na embe duara, tende jedwali lianzie Julai. Mstari naachana nao, samahani Takwimu.

Takwimu_Tu: Poa. Chini ya zabibu andika kwamba hii ni hamu ya watu mtandaoni, si tani zilizovunwa. Mwaka wa mavuno haba bei ikipanda, watu wanaweza kutafuta zaidi.

Bi_Chamwino: Na majina ya miezi yaandikwe yamenyooka kama maandishi ya kawaida, yasipinde na duara. Msituvunje shingo wazee.