Ndege weupe wa Mida wanaokula kaa: kusi ikiingia wanaenda kutaga wapi?

MwanaDau
Hamjambo wakubwa. Mimi napeleka wageni kwa mtumbwi hapa Mida Creek, pwani ya Kenya. Kuna hawa ndege weupe wenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene mweusi, kutwa kazi yao kuwinda kaa. Kaskazi wanajaa tele, kusi ikishika wanabaki wachache, na kwenye mikoko sijaona kiota chao hata kimoja. Wanataga wapi? Halafu wageni wananisukuma niwasogelee waruke, wapate picha. Kuna ubaya?

BintiMaskati
Wanakuja huku, ndugu yangu. Oman, Abu Dhabi, Iran, na wengine Somalia. Mtini hutawapata: wanachimba shimo kwenye mchanga wa visiwani na kutaga humo yai moja tu, jeupe. Jua la Juni huku usiliombe! Mchanga wenyewe unasaidia kulitia yai joto, hata mzazi akitoka kwenda kula. Mashimo yamepakana, mtu akipita ovyo juu yake yanaporomoka na kinda limo.

Mzee wa Mikoko
Mwanangu, usiwarushe. Hasa bamvua, yale maji makubwa, za Machi na Aprili. Maji yakijaa, mchanga wote umezama, wamebaki na kipande kidogo cha kusimama, wamebanana, mguu mmoja juu, wanangoja maji yatoke wakale. Na miezi hiyo wanajitia mafuta ya safari. Kila ukiwarusha, mafuta yanateketea bure. Boti za mashine ndizo zinazoniudhi zaidi, lakini hata mtumbwi unafukuza.

Wewe fika mapema maji yakiwa bado yanapanda, chomeka pondo, tulieni. Maji yenyewe yatawasogeza kwenu, na yakiwafika miguuni wataruka wenyewe kuhamia juu. Hiyo ndiyo picha.

Oktoba waonyeshe wageni yule wa kijivujivu anayemwandama mkubwa huku akilia. Ni kinda la mwaka huo, limekuja na mzazi wake kutoka huko kwa kina BintiMaskati, na bado linalishwa kaa mdomoni.

MwanaDau
Kumbe ndiye yule mlialia! Ahsante mzee, nawe dada. Na hawa wachache wanaokaa hapa kusi nzima, wao hawana safari?

Mzee wa Mikoko
Wengi wao bado wadogo, hawajafika umri wa kutaga. Waende kufanya nini, na kaa wako hapa?